Nalikuwa Napika Tu

Rekodi yangu ya kwanza na nyanya ina dakika nne. Nusu yake ni sauti ya nazi ikikunwa, robo ni mimi nikisafisha koo, na kilichobaki ni yeye akiniambia kwamba hana la kuniambia.

Ilikuwa Septemba 2019. Siku ya Mashujaa mwaka huo iliadhimishwa kitaifa hapa kwetu Mombasa, pale bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, na kila ofisi na kila shule ilitaka ionekane na kitu. Mimi nafundisha historia. Mwalimu mkuu akaniita, akaniambia nitengeneze ukuta wa mashujaa, fremu kumi na mbili, zitundikwe kabla ya tarehe 20 Oktoba. Fremu nikanunua Marikiti, zile za plastiki zilizopakwa rangi ya dhahabu. Orodha nikaiandika ndani ya matatu, mgongoni mwa risiti: Kenyatta, Odinga, Kimathi, Kaggia, Mboya, Ngala, Kibachia, na wengine wa namna hiyo. La kumi na moja likawa Mekatilili wa Menza. La kumi na mbili halikuja.

Majina ya wanawake nilikuwa nayo, nisionekane sikusoma. Namjua Mary Muthoni Nyanjiru, aliyesimama mbele ya kituo cha polisi Nairobi tarehe 16 Machi 1922, Harry Thuku akiwa amefungwa ndani, akawaambia wanaume waliokuwa wameanza kuondoka wampe suruali zao wachukue gauni lake. Risasi zilipopigwa alikuwa miongoni mwa waliokufa. Namjua Muthoni wa Kirima, aliyeingia msituni akapanda cheo hadi cha juu kabisa cha wapiganaji. Namjua Wambui Otieno, aliyewachukulia Mau Mau habari na silaha mjini Nairobi, akakamatwa, akaja kufungiwa huku kwetu pwani, Lamu. Yeyote kati ya hao angetosha. Lakini nilikuwa na ukaidi wangu: nilitaka wa kisiwani hapa, aliyekanyaga vumbi la Majengo na kuteka maji kwenye mifereji yetu. Ukimtafuta huyo vitabuni utakesha.

Ndipo nikamkumbuka nyanya. Alizaliwa 1938, kwa hesabu ya mamake aliyehesabu kwa mavuno na vita vya Wazungu. Uhuru ulipokuja alikuwa na miaka 25 na watoto watatu. Nikajiambia, mtu mzima kama huyu, mwenye akili kama hii, hawezi kuwa hakufanya kitu.

Nikaenda Majengo Jumamosi alasiri na simu yangu na daftari. Nyumba ni ya Kiswahili, vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na uani jiko na choo. Mamake aliijenga kwa fito na udongo, akaiezeka makuti. Mabati na saruji vimekuja baadaye, kila mjukuu aliyepata kazi akiongeza kipande chake. Nyanya alikuwa uani juu ya mbuzi, anakuna nazi ya futari, maana ilikuwa siku yake ya sunna. Nikawasha simu, nikaiweka juu ya ndoo, nikauliza kwa sauti ya darasani.

"Nyanya, wewe ulishiriki vipi katika kupigania uhuru?"

"Mimi?" Mbuzi ikasita. "Nani alokwambia mimi nilipigania uhuru?"

"Nauliza tu, nyanya."

"Mie nalikuwa napika tu, mamangu. Waulize wanaume. Ila wamekufa."

Nazi ikaendelea. Nikajaribu tena kwa maneno mengine, ukoloni, harakati, ukombozi, na kila neno nililotoa lilianguka hapo uani kama sahani ya bati. Mwisho akaniuliza kama nimekuja kumfunga. Nikazima simu, nikala futari, nikarudi nyumbani nimenuna. Nakiri nilimlaumu yeye. Niliona kama amekuwa na hazina kisha akaitupa.

Sasa nikiisikiliza rekodi ile naona aibu, kwa sababu jibu alinipa katika sekunde ya thelathini na mimi sikulisikia. Alisema alikuwa anapika. Sikumuuliza alimpikia nani.

Wiki mbili baadaye palikuwa na hitima ya jirani, na nyanya, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkatalia lakini mdomo bado mzima, akawekwa kwenye kiti karibu na meko asimamie pilau. Mimi nikapewa kazi ya kuchambua mchele. Vijana walikuwa wanahangaika na sufuria kubwa, moto hausambai, moshi unatuingia machoni, na mmoja akalalamika kwamba watu mia ni wengi. Nyanya akacheka.

"Watu mia wamekushinda? Mwaka wa mgomo mama alipika siku kumi na mbili, na wala hawakuwa mia tu."

Nikaacha mchele. "Mgomo gani, nyanya?"

"Wa makuli. Mgomo wa watu wote. Bandari ilinyamaza hata ukasikia kunguru."

Sikutoa simu. Bahati yangu ilikuwa mikono yangu imejaa vumbi la mchele. Niliendelea kuchambua, naye akaendelea kusema.

Mgomo huo naufundisha kila mwaka. Ulianza tarehe 13 Januari 1947. Vita vya Pili vilikuwa vimekwisha, bei za vitu zimepanda, mishahara imebaki palepale, na wafanyakazi wa bandari ya Kilindini wakasimama, wakafuatwa na wa reli, wa hoteli, hata wapishi na matopasi wa majumba ya Wazungu, jumla yao kama watu 15,000. Mikutano ilifanyika Majengo, kwenye uwanja uliopewa jina la Kiwanja cha Maskini. Hapo ndipo lilipozaliwa Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika, ambalo Chege Kibachia alikuja kuliongoza hadi alipokamatwa mwezi Agosti mwaka huohuo na kupelekwa Kabarnet, mbali kabisa na bahari. Nilikuwa nimeyasema haya mbele ya wanafunzi labda mara kumi na tano. Watu 15,000 siku kumi na mbili bila mshahara, wengi wao vibarua waliolipwa kwa siku, wanaokula leo kile walichokipata leo. Na mimi, mwalimu mzima, mpika chai wa kila asubuhi, sikuwahi hata siku moja kujiuliza walikula nini.

Walikula muhogo wa Rabai, kwa habari ya nyanya. Mamake alikuwa mtu wa huko, mahaji, kama walivyoitwa Wamijikenda waliosilimu na kuhamia mjini. Dada zake waliobaki kwao walikuwa wakija na vikapu kichwani, wanavuka Makupa kwa miguu kabla jua halijawa kali, wanatua mizigo uani. Nazi zilitoka hukohuko. Mbaazi zilikuwepo ndani, kwa sababu mamake alikuwa na biashara ya mahamri na mbaazi, akiwauzia watu wa zamu ya alfajiri. Na palikuwa na kitu kingine cha kuuza, ambacho nitakifikia, kwa sababu ndicho kilichonitia matatani.

Vyumba sita vile vilikuwa vya kupangisha. Familia ilijibana katika kimoja, na vitano wakalala wapangaji, wanne au watano kwa chumba, kwa zamu: anayetoka kazini anaingia kwenye kitanda ambacho mwenzake amekiacha na joto. Mkamba, Mtaita, Mjaluo, Mkikuyu, na mzee mmoja Mnyamwezi ambaye nyanya anakumbuka alikuwa hawezi kulala bila kupiga zeze. Mamake hakujua kusoma. Deni la kila mtu la chakula na kodi aliliandika kwa mkaa, mistari nyuma ya mlango wa jikoni, kila mpangaji na safu yake, na juu ya safu alama ya kumtambua: samaki, jembe, jicho, na kadhalika.

"Basi mgomo ulipoingia," nyanya akasema, "mistari ikawa haina pa kukaa. Siku ya tano mama akachukua chokaa akapaka mlango."

"Akawasamehe?"

"Sijui kama aliwasamehe. Alipaka chokaa. Mimi nilikuwa na kama miaka tisa, ningemuuliza?"

Kazi yake yeye ilikuwa kubeba. Sufuria kubwa ilibebwa na wanawake wawili kwa mti, na yeye nyuma yao na kata ya kifuu na sahani za bati zimefungwa kwa leso. Walikuwa wakifika Kiwanja cha Maskini wanakaa pembeni, chini ya kivuli, wanangoja watu wamalize kusema. Na hapo ndipo penye kisa ambacho nyanya alikisimulia mara tatu siku ile, kila mara akicheka zaidi. Miongoni mwa malalamiko ya wagomaji ilikuwa kodi za nyumba. Vyumba ghali, watu wamejaa kama dagaa, wenye nyumba hawana huruma. Siku moja msemaji akapanda juu, akaanza kuwatukana wenye nyumba wa Majengo, na umati ukaitikia. Na mwenye nyumba mmoja wa Majengo alikuwa amekaa pale kwenye kivuli, sufuria ya mbaazi mbele yake, amewaletea chakula.

"Mama alifanyaje?"

"Alifunika sufuria, mbaazi zisipoe. Akasema, 'Wacha waseme, wana haki. Lakini wakimaliza wale.'"

Nimekifikiria kisa hicho zaidi ya vyote nilivyovisoma chuoni. Mwanamke yule hakuwa na hotuba. Alikuwa na maslahi yake upande wa pili kabisa, nyumba ndiyo mali yake pekee, na akabeba chakula. Ukiniuliza mimi, mgomo wa 1947 ndio ulioifunza Mombasa kwamba Mjaluo na Mgiriama na Mkamba wakikunja mikono pamoja, meli ya Mwingereza inakaa nje ya bandari kama kitu kilichosahaulika. Serikali ikalazimika kuunda baraza la kuchunguza mishahara, na mishahara ikaongezwa. Somo lile halikusahaulika: 1955 bandari iligoma tena, na safari hiyo Tom Mboya ndiye aliyeingia kati. Kama wangeshinda na njaa, wangerudi kazini siku ya tatu, na mimi nisingekuwa na la kufundisha.

Tangu siku hiyo ya hitima nikaacha kuuliza maswali ya darasani. Nikawa naenda Majengo na kazi ya mikono: kupeta, kumenya, kushona vifungo. Nikawa nauliza vitu. Leso hii ulipewa na nani? Kovu hili la nini? Hiki kijiti cha nini? Kijiti, kwa mfano, kilifungua mlango ambao sikujua kama upo. Kilikuwa cha kupigia pembe, ya lelemama.

Waliozaliwa juzi hawaijui lelemama. Ni ngoma ya wanawake, wamejipanga msitari mmoja wanacheza kwa utaratibu, mikono na vichwa, bila haraka. Vyama vyake Mombasa vilikuwa na majina yaliyotikisa mji, Ibinaal Watan na Banu Saada, na ushindani wao uliwafilisi waume za watu kwa sare na ng'ombe wa karamu. Wanaume walizicheka ngoma hizo. Wasomi wa dini walizikemea. Lakini hebu tazama chama cha lelemama kilikuwa na nini ndani: mkuu na makamu wake, mweka hazina, michango ya kila mwezi, adhabu kwa anayechelewa, sare, wajumbe wa kupeleka habari mtaa kwa mtaa, na mtunzi wa nyimbo wa kumkata adui kwa fumbo. Hicho ni chama cha siasa, kimekosa ilani tu.

Dar es Salaam waliliona hilo. Chama cha TANU kilipoanzishwa Julai 1954 kudai uhuru wa Tanganyika, kikamwendea Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha lelemama kiitwacho Bomba, na yeye akawaendea viongozi wenzake wa ngoma, nao wakawaendea watu wao. Wanawake walijiunga kwa maelfu ndani ya miezi michache, wengi kabla ya waume zao. Waume walikuwa waajiriwa wa serikali, wakiogopa kufukuzwa. Mke muuza vitumbua nani angemfukuza? Mwisho wa Bibi Titi pia unafaa usemwe. Mwaka 1970 alishtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiliwa 1972 kwa msamaha wa rais, na kwa miaka mingi jina lake likawa halitajwi. Leo barabara kubwa mjini Dar inaitwa kwa jina lake, na nina hakika kuna wanaoipita kila siku wakidhani alikuwa mke wa mtu fulani.

Na kabla ya wote hao, Mekatilili. Watoto wote wanakijua kisa cha kuku na vifaranga: jaribu kuchukua kifaranga uone kuku atakufanya nini, ndivyo Wagiriama watakavyokufanya ukiwachukua vijana wao. Tunakipenda kwa sababu kinafaa kuigizwa. Kazi yenyewe ilikuwa pengine. Mwaka 1913 alizunguka vijiji kwa ngoma ya kifudu, ngoma ya msiba, akikusanya watu mahali ambapo mzungu hakuona zaidi ya wanawake wanacheza. Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, wakala viapo viwili, wanaume kiapo cha fisi na wanawake mukushekushe, kwamba hakuna atakayelipa kodi wala kutoa kijana wa kazi. Akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa magharibi mwa nchi, na Januari 1914 wakatoroka, wakarudi kwa miguu. Mwingereza akailipua kaya kwa baruti Agosti mwaka huo. Yeye tunamtaja. Wanawake waliokipeleka kiapo nyumba hadi nyumba, wakikipokezana kama moto wa kuazima, hakuna aliyebaki na jina.

Nyanya alicheza lelemama ikiwa imeshaanza kuchoka, mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakati huo wanawake wa mjini walikuwa wanaanzisha vyama vya maendeleo, vya elimu na kushona, na wanawake wa jamii ya Kiarabu waliandika ombi kwa serikali wakidai kura, kwa sababu waume zao walikuwa nayo na wao hawakupewa. Nilifurahi kusikia. Nikamwambia nyanya, kumbe mlikuwa pamoja! Akanitazama kwa huruma.

Hawakuwa pamoja. Hapa Mombasa neno uhuru lilikuwa na pande zaidi ya moja, na vitabu vya shule hupita hapo kwa ncha za vidole. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa kisheria wa Sultani wa Zanzibar, Mwingereza ameukodi, na bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Ngomeni miaka yote hiyo. Uhuru ulipokaribia, wapo waliotaka Mwambao ujitenge. Wapo waliokuwa wa chama cha KANU, cha Kenyatta, na wapo waliokuwa wa KADU ya Ngala. Nyanya alikuwa KANU, kwa sababu, asema, wapangaji wote wa mamake walikuwa KANU na yeye alichoka kubishana. Shoga yake wa kufa na kuzikana, waliocheza naye lelemama bega kwa bega, alikaa Kibokoni na alikuwa wa Mwambao damudamu. Hawakusemezana karibu miaka miwili. Wakikutana njiani kila mmoja alishusha buibui. Oktoba 1963 Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar wakakubaliana kwamba ukanda uende Kenya, na Desemba ikafika.

"Usiku wa bendera nilikwenda kwake," nyanya aliniambia. "Watu wanapiga vigelegele, mie nakwenda Kibokoni. Nikamkuta amekaa gizani. Nikamwambia nimekuletea mahamri. Akasema, 'Mmeshinda.' Nikamwambia, 'Mahamri yatapoa.'"

Sikujua nifanye nini na habari hiyo. Ukuta wa mashujaa hauna fremu yake.

Tarehe 18 Oktoba shule ikafanya sherehe, na hapo nikakosea. Ile fremu ya kumi na mbili nilikuwa nimeweka picha ya nyanya, aliyopigwa studio mwaka wa sitini na kitu, na chini yake jina lake kamili, la babake na la babu. Kisha nikasimama mbele ya wazazi nikasimulia habari za mamake. Nilisimulia vizuri, wacha nijisifu kidogo. Nikasimulia mahamri, mistari ya mkaa, chokaa. Na kwa kuwa nilitaka watu waone mwanamke mzima, si malaika, nikasema pia kwamba fedha za kununulia mbaazi zilitoka kwenye tembo la mnazi, ambalo alikuwa akiliuza usiku kwa mlango wa nyuma. Watu wakacheka, wakapiga makofi.

Kabla sijafika nyumbani simu ilikuwa imeshapigwa mara sita. Shangazi yangu, aliyerudi Hija mwaka uliotangulia, alikuwa amepata habari kwa mtu aliyekuwepo.

"Umetuvua nguo," akaniambia. "Marehemu ana miaka thelathini kaburini, amekufa anaswali, wewe wamtoa mbele ya watu na tembo lake?"

Nikamjibu kisomi. Nikasema historia haina haya. Akakata simu, na hadi mwezi wa Ramadhani uliofuata salamu zangu zilipita kwa watoto.

Nyanya nilimwendea kesho yake nikiwa nimejiandaa kwa tembo. Tembo halikumsumbua. "Si kweli? Aliuza. Ndilo lililonisomesha madrasa." Kilichomsumbua ni jina.

"Jina langu umelibandika ukutani?"

"Ndiyo, nyanya. Ili watu wakujue."

"Nani alokwambia nataka kujulikana?"

Akanieleza, taratibu, kama mtu anayemfunza mtoto kufunga shuka. Alipoolewa, kadi za mwaliko ziliandikwa binti wa fulani. Jina lake halikuwemo, na hakuona amepunjwa. Mamake aliitwa mtaani kwa jina la mwanawe wa kwanza. Chama kilipopeleka mchango mahali, kilisema umetoka kwa wanawake wa mtaa. Stara. Askari wa mkoloni walipokuja Majengo kuuliza nani anawalisha wagomaji, mtaa mzima ulikuwa na mama fulani na mama fulani, hakuna aliyekuwa na jina la kuandikwa kwenye kitabu cha polisi. "Jina likijulikana hushikwa," akasema.

Nilikaa kimya. Miaka yote nimefundisha kwamba wanawake hawa wamesahauliwa na wanaume walioandika vitabu, na ni kweli, wamesahauliwa, na baadhi ya waandishi hao wana la kujibu. Lakini hapa mbele yangu palikuwa na mmoja aliyejificha mwenyewe kwa ustadi na hakutaka kufichuliwa. Nilitaka kubishana. Nilitaka kumwambia kwamba stara iliyomkinga na polisi ndiyo iliyomfuta kwenye mtihani wa taifa. Nilimwambia, kwa kweli. Akasema mtihani si wake, ni wangu.

Tulipatana hivi: picha itoke, jina litoke, habari ibaki. Ndiyo maana hata hapa simtaji, na anayemjua atanyamaza.

Aprili 2022 tulikuwa wote mbele ya televisheni wakati Muthoni wa Kirima alipokatwa nywele zake na Mama Ngina Kenyatta, misokoto mirefu aliyokuwa nayo tangu siku za msituni, karibu miaka sabini. Nyanya alitazama bila kupepesa. "Huyu amewangoja," akasema, "amewangoja hata nywele zikachoka." Kisha akauliza kama wamempa na shamba. Muthoni alifariki Septemba 2023, na siku hiyo nyanya ndiye aliyenipigia simu kunipa pole, kana kwamba nimefiwa mimi.

Fremu ya kumi na mbili ilikaa tupu wiki moja. Wanafunzi walifikiri imeibiwa. Mwisho msichana mmoja wa Kidato cha Pili, mwenye mkono wa kuchora, akaniuliza kama anaweza kuijaza, na nikamwambia sina picha, nina sufuria tu. Akachora sufuria. Kubwa, nyeusi kwa masizi, juu ya mafiga matatu, mvuke unapanda, na nyuma yake kwa mbali vivuli vya watu uwanjani. Chini tukaandika: Majengo, Januari 1947. Imetundikwa kati ya Mboya na Mekatilili.

Nilipiga picha kwa simu nikampelekea nyanya. Akaivuta karibu na macho, akaisogeza mbali, akaivuta tena.

"Siyo hii," akasema.

"Ni mchoro, nyanya."

"Najua ni mchoro. Yetu ilikuwa na masikio mawili. Hii mtaibeba vipi?"